Matundu ya Fundi Muse

Kivuva alikuwa fundi wa stima, na pale Shauri Moyo watu walimwita Kivuva wa Feni. Jina hilo alilipatia msikitini, ingawa yeye mwenyewe alikuwa Mkristo, mwimba besi katika kwaya ya kanisa dogo la Mowlem, mtaa alikokuwa amejenga nyumba yake ya vyumba viwili na jiko.

Msikiti ulikuwa wa Sheikh Yahye. Sheikh huyo alizikwa uani miaka mingi nyuma, na kila mwezi wa Rajabu watu walikuja kulizuru kaburi lake, mabasi kwa mabasi, kutoka Garissa, Isiolo, Mombasa, wengine Kampala. Walikaa siku tatu wakisoma, wakila sinia moja, wakilala kwenye ukumbi wa mabati uliokuwa nyuma ya msikiti. Jua likishashika yale mabati, ukumbi ulikuwa tanuri. Ndipo mwaka wa themanini na tano kamati ilipomwita Kivuva, wakati huo kijana wa Mwala aliyejifunza kazi ya waya katika karakana ya Mhindi mmoja, akafunga feni kumi na nne.

Siku ya kwanza ya ziara ndiyo iliyokuwa siku yake. Wageni wakishaingia wote, wamebanana, wanajipepea kwa leso na magazeti, Kivuva alibonyeza swichi moja baada ya nyingine, na feni zote zikaanza kuvuma. "Mashallah!" walisema kina mama. Mzee mmoja wa Isiolo aliwahi kumshika mkono na kumwombea dua kwa jina lake. Kivuva alikwenda nyumbani akamsimulia mkewe, Mutheu, dua ile neno kwa neno, na mwaka uliofuata akamsimulia tena.

Ukweli ni kwamba feni zile zilizungusha joto tu. Kivuva alijua hivyo. Alijua pia kwamba bili ya stima ya mwezi wa ziara ilimkosesha raha Mzee Kahin, muuza vitambaa wa jumla aliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Lakini ufunguo wa chumba cha mita ulikuwa mfukoni mwake, mtu pekee asiye Mwislamu aliyekabidhiwa ufunguo wowote wa msikiti ule, na kila mwamba ngoma huvutia kwake.

Halafu zikaja mvua za El Nino. Mwaka wa tisini na nane ulipoanza, nusu ya paa la ukumbi ilikuwa imelala chini na kuta zimepinda. Kivuva alihuzunika kidogo, kisha akafurahi sana. Alichukua daftari la binti yake, Kanyiva, akachora ukumbi mpya wenye feni ishirini na nne.

Alipoitwa kwenye mkutano wa kamati baada ya sala ya alasiri, alivaa koti lake la kanisani. Mkekani, kando ya Mzee Kahin, aliketi mtu mzima mwembamba asiyemjua, mwenye kofia iliyopauka na vidole vilivyopasuka kwa chokaa.

"Bwana Kivuva," alisema Mzee Kahin, "huyu ni Fundi Muse, mwashi wa Barawa. Vita vilimtoa kwao. Misikiti aliyoijenga kule ni mingi kuliko meno yangu."

Muse alisimama akampa mkono. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao Barawa. Kiti alikiita chiti, kisu akakiita chisu. "Habari yako, Chivuva," alisema, na watu wawili wa kamati wakacheka kwa upole. Kivuva hakucheka.

Muse alieleza mpango wake kwa mikono kuliko kwa maneno. Upepo wa hapa hutoka mashariki, alisema, na ukumbi wa zamani uliupa upepo mgongo. Huu mpya utaupa uso. Kuta ziwe nene, za mawe. Upande wa mashariki matundu yawe chini, hewa baridi iingie. Upande wa magharibi yawe juu kabisa, hewa moto itoke. Chini ya mabati iwekwe dari ya mianzi, jua lisishuke moja kwa moja vichwani mwa watu. Na maji ya kutawadhia yasipotee mtaroni. Yachimbiwe mfereji, yanyweshe migomba na mihina uani, hewa ipoe kabla haijaingia.

"Na feni?" Kivuva aliuliza.

"Nne," alijibu Mzee Kahin. "Kule pembeni, kwa kina mama wenye wachanga."

"Nne?"

"Na taa, bwana Kivuva. Taa zote ni zako."

Kivuva aliikunja ile karatasi ya daftari mara nne, akaitia mfukoni. Hakuna aliyemwomba kuiona.

Tangu siku ile wivu ulimkaa kama jino bovu. Akiusahau kidogo, mtu akitaja tu jina la Muse, unapiga. Hakuwa na kazi pale hadi wakati wa kupitisha waya, lakini kila siku alijikuta njiani kwenda Shauri Moyo. Alisimama ng'ambo ya barabara akiangalia. Aliuona ukuta ukipanda, akautafutia kasoro asiione. Alimwona Muse akichovya kiganja majini na kukiinua juu kusikiliza upepo, akajisemea moyoni, "Mganga huyu." Siku moja, kuta zikiwa zimekamilika, Muse alichoma udi katikati ya ukumbi ili aone moshi utaelekea wapi. Mafundi wote waliacha kazi wakatazama. Kivuva naye alitazama, na Mungu amsamehe, aliomba kimoyomoyo moshi ule ukae palepale. Moshi uliinama, ukatambaa, kisha ukapanda ukatokea kwenye matundu ya juu kama uzi unaovutwa na mtu aliye nje.

Hata chai ilibadilika. Nurto, mama aliyesimamia mapishi ya wageni, kwa miaka kumi na mitatu alimpa Kivuva kikombe cha kwanza. Sasa kikombe cha kwanza kilikwenda kwa Muse, cha pili kwa Kivuva. Chai ilikuwa ileile, yenye iliki na sukari tele, lakini Kivuva aliiona chungu.

Na lililomuuma kuliko yote lilitoka nyumbani kwake. Mutheu alikuwa akiwauzia mafundi wa pale muthokoi, mahindi ya kukobolewa na maharagwe, wakati wa chakula cha mchana, na jioni alirudi na habari.

"Yule mzee ana akili, Baba Kanyiva. Leo ameniuliza kwa nini ninakohoa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia ni moshi wa jikoni. Akaniuliza jiko letu linaangalia wapi."

Kivuva hakuwa na shaka na mkewe. Walikuwa wamekaa pamoja miaka kumi na tisa na alimjua. Lakini kikohozi kile kilikuwa deni lake yeye. Kwa miaka sita alikuwa amemwahidi Mutheu feni ya kuvuta moshi. Kila mwaka aliipata feni mahali, na kila mwaka ikapata mteja mwingine. Sasa mtu wa kuja alikuwa amekisikia kikohozi kile kwa wiki mbili tu na tayari alikuwa akiuliza maswali.

Mwezi wa nane mwaka wa tisini na tisa, Kivuva alikwenda Mwala kumzika mjomba wake. Alikaa huko siku nne. Aliporudi Mowlem saa tisa mchana, alisimama mlangoni pa jiko na mfuko wake wa safari mkononi. Ukutani, karibu na sakafu, kulikuwa na tundu la ukubwa wa kitabu, limepigwa lipu vizuri na kuwekewa wavu. Juu, chini ya mabati, upande wa pili, kulikuwa na tundu jingine pana zaidi, na kijipaa kidogo cha kuzuia mvua. Jiko la makaa lilikuwa likiwaka. Moshi ulikuwa ukienda zake.

"Nani ametoboa nyumba yangu?"

"Fundi Muse," Mutheu alisema. "Nimemwita mimi. Ebu ingia ndani uone. Macho hayawashi hata kidogo."

"Nyumba hii ina fundi."

"Ina fundi," alijibu Mutheu taratibu, bila kuinua macho kutoka kwenye sufuria, "na nimemngojea miaka sita."

Laiti angemfokea. Maneno yale yalimwingia Kivuva kama msumari kwenye mbao laini. Jumamosi iliyofuata alinunua simiti, akakoroga mwenyewe, akayaziba matundu yote mawili. Hakuwa mwashi. Lipu yake ilitoka na mabonde, na kile kijipaa alikivunja kwa nyundo.

Mutheu hakugombana naye. Alilibeba jiko akaliweka nje, mbele ya mlango, palipopita watu wote waendao dukani, akakaa hapo kwenye stuli na kupika.

"Mama Kanyiva," waliuliza majirani, "kwani mmehama?"

"La. Ndani fundi anafanya kazi," alijibu.

Alipika nje wiki moja, wiki ya pili, wiki ya tano. Kanyiva alikuwa akipita kando ya baba yake bila kumtazama. Kivuva alikula chakula kilichopikwa mlangoni, na kila tonge lilikuwa na macho ya mtaa mzima.

Mwaka huo mvua zilikuwa zimegoma. Mabwawa yalikauka, na Septemba mgao wa stima ukaanza: mtaa huu asubuhi, ule mchana. Wenye viwanda walilia, vinyozi walilia. Kivuva peke yake alikuwa na tumaini la siri. Ukumbi mpya ulikuwa umekwisha, ziara ilikuwa Oktoba, jua lilikuwa kali kuliko miaka yote, na alitaka kuwaona watu mia tatu wakitoka jasho ndani ya kazi ya Muse. Alitaka Mzee Kahin amgeukie na kusema mbele ya watu, "Bwana Kivuva, tulikosea."

Mabasi yalifika Jumamosi asubuhi. Kufikia saa sita ukumbi ulikuwa umejaa pomoni. Kivuva aliwasha feni zake nne, akasimama mlangoni kungoja. Nje lami ilikuwa inayeyuka. Ndani palikuwa na ubaridi kama chini ya mti wenye majani mengi. Watu walikuwa wanasoma, wengine wamelala, watoto wanacheza kwenye mwanga uliopita katika matundu na kuchora miraba sakafuni.

Saa saba kamili stima ilikatwa. Feni nne zilipunguza mwendo, zikajivuta, zikasimama.

Hakuna aliyeinua kichwa.

Kivuva alingoja. Zamani feni zikisimama, watu mia tatu waliguna kwa pamoja, na jina lake likaitwa kutoka kila pembe. Sasa kisomo kiliendelea. Nurto alipita na birika la chai, akamwambia, "Sogea kidogo, ndugu yangu, nipite." Basi.

Alitoka, akazunguka hadi nyuma ya ukumbi. Kule Muse alikuwa ameweka vibao vya kufungia matundu ya juu mvua ikinyesha, kila kibao na kamba yake. Palikuwa na kamba nane. Kivuva alitazama kushoto na kulia. Akavuta ya kwanza. Akavuta ya pili. Akaendelea hadi ya nane. Kisha akarudi mlangoni, akasimama palepale kama mtu ambaye hajatoka.

Haikuchukua muda. Hewa ilianza kuwa nzito. Mtu mmoja alilegeza kola. Kina mama wakaanza kujipepea kwa leso, na moyo wa Kivuva ukapiga kwa furaha mbaya ambayo alikuja kuikumbuka kwa aibu maisha yake yote. "Haya sasa," alijisemea. "Haya sasa, Fundi Muse."

Ndipo akasikia kikohozi. Bibi mmoja kutoka Garissa, aliyeketi karibu na ukuta wa magharibi, alikohoa mara mbili mfululizo, kavu, kisha mara mbili tena. Kilikuwa kikohozi cha Mutheu, kama kwamba Mutheu mwenyewe alikuwa ameketi pale. Bibi alijishika kifua, akataka kusimama, mkono ukateleza ukutani, akaanguka.

"Maji!" Nurto alipiga kelele. "Jamani, mpisheni apate hewa!"

Kivuva alikimbia. Alizifungua kamba, kibao cha kwanza, cha pili, cha tatu, lakini cha mwisho kilikwama, nacho ndicho kilichokuwa juu ya bibi yule. Alipanda pipa, akakichomeka koleo lake la waya, akakipasua vipande viwili. Aliposhuka alimkuta Muse amesimama nyuma yake, kofia mkononi.

"Nilidhani upepo umekufa," Muse alisema. Aliziangalia kamba, kisha koleo.

"Ni mimi," alisema Kivuva. "Nimeyafunga mimi."

"Kwa nini?"

Kivuva alijaribu kusema jambo la feni, la kikombe cha chai, la jiko lake. Kila neno lilipofika mdomoni lilikuwa dogo, akaliacha.

Uso wa Muse ulikuwa umegeuka rangi ya majivu. "Mgeni wa ziara!" alisema. "Mama mzima amesafiri kuja kuomba dua, wewe wamzibia pumzi! Angekufa je?" Alipiga ukuta kwa kiganja. "Wafikiri wewe tu wajua kuhusudu? Mimi nakuhusudu wewe kila siku, Chivuva. Una nyumba. Una mke wa kukununia. Wangu nimemzika Barawa, nami nalala stoo, juu ya mifuko ya simiti. Jioni ukienda kwako nakutazama mpaka kona ile. Lakini sijakukatia waya hata mmoja."

Kivuva aliinamisha kichwa.

"Nenda kwa Kahin," Muse alisema. "Mwambie kwa mdomo wako. Nikimwambia mimi, nitasema kwa hasira, na nitaongeza."

Bibi wa Garissa walikuwa wamempeleka uani, kwenye kivuli cha migomba, na Nurto alikuwa amemlaza kichwa mapajani. Alikuwa amefumbua macho na kuuliza chai ina tangawizi au haina. Kivuva alipita hapo bila kuthubutu kusimama. Alimkuta Mzee Kahin kwenye mlango wa msikiti, akamwambia yote, tangu karatasi ya daftari hadi kamba ya nane.

Mzee Kahin alisikiliza hadi mwisho. Kisha alinyoosha mkono, kiganja juu. Kivuva hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alitoa ule ufunguo mfukoni akauweka kwenye kiganja kile.

"Mpaka nitakapokuita," alisema Mzee Kahin. "Na nisipokuita, basi."

Alifika Mowlem jua lingali juu. Mutheu alikuwa mlangoni, anachambua maharagwe kwenye ungo. Kivuva alichukua patasi na nyundo, akaingia jikoni, akaanza kubomoa. Mutheu alisikia milio, lakini hakuinuka. Baadaye alikuja kusimama mlangoni na ungo wake.

"Nimemuumiza mtu leo," Kivuva alisema, vumbi limemjaa nyusi. Akamweleza.

Mutheu aliuliza, "Huyo bibi ni mzima?"

"Ni mzima."

"Basi Mungu amekuhurumia. Mimi bado." Akarudi nje kwenye maharagwe yake.

Matundu yalifunguka, lakini hayakuwa yale. Kivuva alikuwa amevunja kingo, na kile kijipaa hakikuwapo. Kila alipochoma karatasi kujaribu, upepo ulirudisha moshi ndani. Baada ya wiki mbili za kujaribu, alikwenda mwenyewe hadi stoo ya msikiti, akasimama nje kama mtu mwenye kesi.

"Mzee Muse, nimekuja kukuomba."

"Nizibue, uzibe tena?"

"Unifundishe."

Muse alikuja Jumapili, baada ya Kivuva kutoka kanisani. Aliketi kwenye stuli ya Mutheu, akapewa kikombe cha kwanza cha chai, na hakugusa mwiko wa lipu. Kazi yote aliifanya Kivuva. "Chini zaidi," Muse alisema. "Siyo hapo. Wewe fundi wa stima, hujui hewa nayo yataka njia ya kuingia na ya kutoka?" Waliporidhika, Muse alitoa kipande cha udi akakichoma. Moshi ulisitasita, kisha ukapanda ukatoka. Mutheu alilibeba jiko lake akalirudisha ndani, na Kivuva alilazimika kugeuka akajifanya anaosha mwiko.

Desemba, Ruqiya, binti wa Muse aliyekuwa Uingereza, alimpatia baba yake karatasi za kumfuata. Aliondoka na mfuko mmoja. Wiki hiyo hiyo Mzee Kahin alimwita Kivuva. Taa mbili zilikuwa zimeungua, alisema, na vibao vya juu vinataka mafuta kabla ya mvua. Hakutaja jambo jingine, wala Kivuva hakuuliza.

Mtu angetarajia wivu umtoke pamoja na Muse, lakini haikuwa hivyo. Kundi la wageni wa Mombasa lilipopita likastaajabu na kuuliza mkono gani ulijenga ukumbi unaopumua namna hii, Kivuva alikuwa juu ya ngazi na kopo la mafuta, wote wakamtazama yeye. Alijiachia kukaa kimya kwa muda wa pumzi moja. Kisha akasema, "Muse wa Barawa," na jina lile lilimkwaruza koo likitoka, kama siku ya kwanza.

Majirani wa Mowlem walikuwa wameshaona jikoni kwa Mutheu, na habari ilivuka hadi Tena. Kabla mwaka haujaisha, mama mmoja wa huko aitwaye Wavinya alimtuma mtu, Kivuva akaenda. Jiko lake lilikuwa jeusi hadi darini.

"Wewe ndiye yule fundi wa matundu?" Wavinya aliuliza.

"Fundi wa matundu yuko Uingereza," Kivuva alisema. "Mimi ni wa stima." Alilamba kidole, akakiinua juu kuutafuta upepo, akaona haya, lakini hakukishusha. "Ukuta huu wa nyuma, mama, unaangalia wapi?"